Soma Mkataba Kabla ya Kumtukana Marner: Ushauri kwa Mashabiki Wenzangu wa Toronto Maple Leafs

Ujumbe uliingia siku ile ile ilipothibitishwa kwamba Mitch Marner, mshambuliaji nyota wa klabu yetu ya hoki ya barafuni, Toronto Maple Leafs, anakwenda klabu ya Vegas. Aliyeandika ni kijana tunayebadilishana mawazo ya hoki ya barafuni kwa muda sasa. "Kaka, Marner kaondoka, sisi tumebaki na Nicolas Roy tuliyepewa na Vegas. Nihamie klabu ya Florida au niachane na mchezo huu kabisa?" Nilimjibu kwa neno moja, baki, nikamwahidi kuwa sababu nitaziandika hapa ili na wengine wazisome. Najua hayuko peke yake. Wengi mnaonisoma hamtaki kuishia kushangilia magoli tu, mnataka kuielewa klabu yenu kama anavyoielewa meneja wake. Julai hii ya 2025 ndiyo wakati wa kujifunza.

Mimi nilinaswa na Leafs Oktoba 2016. Auston Matthews, chaguo la kwanza katika drafti (klabu zinapochagua wachezaji chipukizi) ya mwaka ule, alicheza mechi yake ya kwanza ya ligi, yaani NHL, kule Ottawa akafunga magoli manne. Manne! Hakuna mwingine wa zama hizi za ligi aliyekuwa amefanya hivyo katika mechi ya kwanza. Na bado tulifungwa 5-4 katika muda wa nyongeza. Kipaji cha kushangaza mbele, mlango wazi nyuma. Karibu kila nilichokuja kukishuhudia baadaye kilikuwemo ndani ya mechi ile.

Tangu hapo sijaiacha timu hii. Kwetu Afrika Mashariki, mechi ya saa moja jioni ya Toronto ni saa nane usiku, na wao wakiingia majira ya baridi inakuwa saa tisa. Unaamka nyumba nzima imelala, unatazama bila sauti, asubuhi unakwenda kazini macho mekundu na hakuna hata mtu mmoja wa kumsimulia. Nimeishi hivyo kwa hiari yangu, na nasema kwa fahari kwamba naijua timu hii kuliko wengi wanaokaa kwenye viti vya uwanja wake.

Sasa yanayouma. Kombe la Stanley, ubingwa wa ligi, tulilichukua mara ya mwisho 1967, tulipowafunga Montreal Canadiens, wakati ligi ilikuwa na timu sita. Leo zipo 32. Sikuwepo, na wengi wenu hamkuwepo, kwa hiyo hilo tuwaachie wazee. Letu ni hili la mtoano, ambapo timu mbili kwa kawaida hukutana hadi moja ishinde mechi nne: 2018 tukatolewa na Boston, 2019 Boston tena, 2020 Columbus, 2021 Montreal, 2022 Tampa Bay. Kila mara tulifika hadi mechi ya mwisho ya kuamua, na kila mara tukaipoteza. Mwaka 2023 John Tavares aliwatoa Tampa Bay kwa goli la muda wa nyongeza, mara yetu ya kwanza kuvuka raundi tangu 2004, halafu Florida wakatumaliza kwa mechi tano. Mwaka 2024 ni Boston kwa mara nyingine, goli la David Pastrnak, muda wa nyongeza.

Kati ya yote hayo, 2021 ndio sijaumeza hadi leo. Tulikuwa mbele kwa mechi 3-1 dhidi ya Montreal, timu tuliyoiacha mbali kwenye msimamo. Tulihitaji ushindi mmoja katika mechi tatu. Nahodha wetu wa wakati ule, Tavares, alikuwa ametolewa kwa machela katika mechi ya kwanza, baada ya goti la mpinzani kumgonga kichwani. Mechi ya tano tukapoteza kwa muda wa nyongeza. Ya sita, muda wa nyongeza tena. Ya saba tukafungwa 3-1 bila hata kuonekana kama timu iliyokuwa ikipigania maisha yake. Matthews, mfungaji bora wa ligi msimu ule kwa magoli 41, alifunga moja tu katika mechi zote saba. Marner hakufunga hata moja.

Halafu ikaja 2025. Tukawa mbele kwa mechi 2-0 dhidi ya Florida, mabingwa watetezi. Tukapoteza. Mechi ya tano na ya saba, zote mbili nyumbani, matokeo yalikuwa 6-1. Watu walitupa jezi barafuni.

Usiku ule nami niliumizwa, na si na Florida. Tulikuwa na kundi la WhatsApp la mashabiki wa hoki wanaozungumza Kiswahili, kundi dogo nililolipenda sana. Baada ya mechi ya saba yakaanza matusi dhidi ya Marner, mpaka familia yake ikaingizwa. Niliandika kwamba anayestahili kuulizwa amekaa ofisini, amevaa suti. Nikaitwa wakili wa Marner. Nikajibu kwa takwimu. Nikatolewa kwenye kundi. Aliyenitoa ni mtu niliyemfundisha mimi mwenyewe kwa nini mchezaji hukaa kwenye kibanda cha adhabu dakika mbili. Hakunipigia simu, hakuniandikia. Sitaomba kurudi, ila nilichokuwa nataka kukisema kule nakisema hapa kwa kirefu.

Ligi hii ina kikomo cha mishahara. Klabu tajiri na klabu maskini zote zinabanwa na dari moja. Msimu wa 2019-20 dari hilo lilikuwa dola milioni 81.5. Sasa tazama sisi tulivyogawa: Tavares milioni 11 kwa msimu, Matthews 11.6, Marner 10.9, William Nylander karibu 7. Jumla ni kama milioni 40 na nusu. Washambuliaji wanne wamechukua nusu ya fedha za kikosi cha watu 23! Mabeki wote, makipa wote na washambuliaji wengine wote wagawane nusu iliyobaki. Mpango wa namna hiyo unaweza kupumua ikiwa dari linapanda kila mwaka. Korona ilipoingia, dari likaganda pale pale kwenye 81.5 kwa misimu mitatu mfululizo.

Je, Marner alijilipa mwenyewe? Kijana aliyekulia viungani mwa Toronto akiishangilia timu hii, akaombwa ataje bei yake, akaitaja, na meneja mkuu Kyle Dubas akatia saini. Ndiyo maana ushauri wangu wa kwanza kwako, na wa pili, na wa tatu, ni kusoma mkataba. Mikataba ya ligi hii inajulikana hadharani. Kabla hujaandika kwamba mchezaji fulani ni mzigo, tafuta analipwa kiasi gani, tangu lini, na nani alikuwa mezani siku ile.

Angalia waliotutoka. Nazem Kadri alifungiwa asicheze katika mtoano dhidi ya Boston 2018, akafungiwa tena 2019, na uongozi ukaishiwa uvumilivu. Julai 2019 akapelekwa Colorado, tukapewa Tyson Barrie na Alex Kerfoot. Barrie alikaa nasi msimu mmoja. Kadri alinyanyua Kombe la Stanley 2022, tena katika fainali alirudi na kidole gumba kilichotoka kuumia akafunga goli la ushindi la muda wa nyongeza. Mwaka 2019 niliandika kwamba biashara ile tutaijutia. Walionicheka wapo, na maandishi yangu yapo.

Zach Hyman naye. Mchapakazi, mtu wa kugombania kila kisahani (ndicho mpira wa hoki) kwenye kona, aina ya mchezaji ambaye mtoano humtafuta. Mwaka 2021 mkataba wake ukaisha, fedha hatuna kwa sababu zile nusu zimeshagawanywa, akaenda Edmonton kwa milioni 5.5 kwa msimu. Msimu wa 2023-24 alifunga magoli 54. Penye miti hapana wajenzi, walisema wahenga, na sijaona klabu inayostahili msemo huo kuliko hii.

Kosa kubwa kuliko yote, kwa maoni yangu, halikufanyika barafuni wala watu hawalizungumzi vya kutosha. Mei 2023 rais wa klabu, Brendan Shanahan, aliachana na Dubas, na mwisho wa mwezi huo akamwajiri Brad Treliving. Tarehe 1 Julai, yaani mwezi mmoja baadaye, kifungu cha mkataba wa Marner kinachomlinda asihamishwe bila ridhaa yake kilianza kufanya kazi. Mwezi ule mmoja ndio uliokuwa mlango. Ukitaka kumbadilisha Marner kwa beki mkubwa na kipa, ni wakati ule. Ukiamini ndiye wako, kaa naye chini, jenga makubaliano mapema. Hawakufanya hili wala lile. Mlango ukafungwa, na kuanzia siku hiyo kalamu ilikuwa mkononi mwa mchezaji.

Miaka miwili baadaye anaondoka akiwa ametoka kupata pointi 102 (magoli pamoja na pasi za magoli) katika msimu wa kawaida, Vegas wanampa miaka minane kwa milioni 12 kwa msimu, na sisi tunapata Roy, mshambuliaji wa kati wa safu za chini. Si mchezaji mbaya. Lakini huyo ndiye bei ya Marner? Shanahan mwenyewe ameondoka Mei mwaka huu, baada ya miaka kumi na moja. Mnamtukana nani sasa?

Sisemi wachezaji hawana lawama, msije mkanisoma vibaya. Februari 2020 tulifungwa 6-3 na Carolina wakiwa na kipa wa dharura langoni, David Ayres, mtu wa miaka 42 ambaye kazi yake ilikuwa kutunza uwanja wa barafu. Makipa wao wawili walikuwa wameumia. Tulimfunga kwa mashuti mawili ya kwanza, kisha timu yenye nyota wote wale ikaacha kushambulia kana kwamba imeona aibu. Hilo haliwezi kubandikwa kwa meneja. Matthews ni mfungaji wa ajabu, amefikisha 69 katika msimu mmoja, lakini katika mtoano wa mwaka huu alifunga matatu katika mechi 13. Alikuwa na jeraha, najua. Nahodha mwenye jeraha bado ni nahodha, na nilitaka kumwona akipiga kelele kwenye benchi tulipokuwa nyuma. Nylander ndiye ninayemtetea bila masharti. Wanamwita mvivu kwa sababu anateleza kama hana haraka, lakini ikifika Aprili, mtoano unapoanza, kisahani kinakwenda wavuni.

Na Tavares nimvulie kofia. Kutoka milioni 11 amesaini tena Juni hii kwa takriban milioni 4.4 kwa msimu, miaka minne. Angeweza kupata zaidi kwingine. Mwanamume huyu alilala kwenye mashuka ya Leafs utotoni, picha aliiweka mwenyewe mtandaoni siku aliyojiunga nasi 2018, na amethibitisha kwamba haikuwa mapambo.

Kwa hiyo mdogo wangu, ukitaka kuwa shabiki wa kweli, kila mwanzo wa Julai kaa chini uandike mikataba inayoisha mwaka unaofuata na vifungu vinavyoanza. Hiyo ndiyo kalenda yako. Ukitazama mechi, usikodoe macho kwa nyota peke yao. Tazama safu ya tatu na ya nne, yale makundi ya chini ya washambuliaji yanayoingia kwa zamu, uone wakiingia barafuni kisahani kinabaki upande gani. Tazama kipa wa pili ni nani. Mwaka 2024 Joseph Woll aliumia kabla ya mechi ya saba, mwaka huu Anthony Stolarz akaumia katika mechi ya kwanza dhidi ya Florida. Timu isiyowekeza nyuma hulipa siku kama hizo. Na usikubali kuingizwa kwenye genge la matusi. Mtu anayetukana mama wa mchezaji kwa sababu ya mchezo hajui mchezo, na hajui mama.

Kuhusu kuhamia Florida: wamechukua kombe miaka miwili mfululizo, 2024 na 2025, hawakuhitaji. Hata wakikukaribisha, furaha yao hukuilipia. Wewe umeamka saa tisa usiku kwa ajili ya Toronto. Usingizi ule hauhamishiki kwenda klabu nyingine, kifungu chake kinakataza. Siku Leafs watakaposhinda, na watashinda, wewe utakuwa na haki ya kulia ambayo shabiki wa kuhamahama hawezi kuinunua.

Mkataba wa Matthews unaisha 2028, na kuanzia 1 Julai 2027 anaruhusiwa kusaini mwingine. Kufikia Julai 2025 Treliving alikuwa na misimu miwili ya kumshawishi kwamba hapa kuna timu. Alikuwa ameshamleta Matias Maccelli kutoka klabu ya Utah, kijana mwenye macho ya pasi lakini mwepesi wa mwili, na mimi bado nataka mtu mzito. Ligi ikirudi Oktoba, niandikie baada ya mechi ya kwanza uniambie kocha amempanga nani kulia kwa Matthews, na huyo mtu analipwa kiasi gani.