Mwanahisabati anatafuta nini kwenye simulesheni ya molekuli?

Mkuu umeuliza kama wanakemia wana kompyuta zao, mwanahisabati anatafuta nini pale kwenye simulesheni, yaani kuiga mwendo wa atomu na molekuli kwa kompyuta. Kazi ipo, tena kubwa. Mwaka 1967 Loup Verlet, mwanafizikia wa Ufaransa, alifuatilia mwendo wa atomu 864 za gesi ya agoni kwenye kompyuta kwa kanuni fupi sana ya kuzisogeza hatua kwa hatua, ikakubali vizuri mno na watu wakaitumia miaka na miaka, ila kwa nini nishati haipandi hovyo hata baada ya hatua mamilioni? Hapo ndo wanahisabati walikuja kufafanua, kwamba kanuni ile inatunza jiometri ya mwendo wenyewe, ndo maana nishati inayumba kidogo tu bila kupanda moja kwa moja.

Jaribu mwenyewe aisee, chukua atomu mbili zilizoungwa kama kwa springi, zisogeze kwa njia ya Euler, ile kanuni rahisi ya hatua kwa hatua tunayofundishwa mwanzo, utaona mtetemo unakua kila raundi mpaka namba zinalipuka, badili mistari miwili tu ya programu uweke kanuni ya Verlet, inatulia. Na hatua moja ni kama femtosekunde 1 hivi (sekunde ukiigawa mara milioni bilioni), yaani mikrosekunde 1 (sehemu moja ya milioni ya sekunde) ni hatua bilioni 1, sasa kosa dogo likijilimbikiza hapo umekwisha.

Halafu kuna nguvu za umeme kati ya chembe. Wanahisabati Greengard na Rokhlin mwaka 1987 walionesha chembe za mbali unaweza kuzihesabu kwa makundi badala ya moja moja, hesabu ikapungua sana. Lakini ni kosa kiasi gani linavumilika, hilo mwanahisabati lazima amuulize mwanakemia.