Je, inajuzu kwenda Stonehenge kuangalia jua la Juni likichomoza?

SWALI: Assalaam alaykum Shekhe. Ninaishi kusini mwa Uingereza, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Wenzangu wamenialika twende Stonehenge, kwenye duara la mawe makubwa ya kale, usiku wa kuamkia tarehe 21 Juni tukaangalie jua likichomoza. Wanasema ni ibada ya Wadruidi wa kale, makuhani wa huku kabla ya Ukristo, ila wengi huenda kutazama tu. Mume wangu ananitoa wasiwasi, eti amesoma kwamba Wadruidi walikuwa watu wa tauhidi. Tena kila Disemba pale kazini hutundikwa tawi la kijani lenye matunda meupe, liitwalo mistletoe, juu ya mlango, nalo nasikia ni lao. Nifanyeje?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullahi wabarakatuh.

Dada yangu, nianze na la mumeo, kwa sababu ndilo linalogusa itikadi. Hayo ya kwamba Wadruidi walishika dini ya Nabii Ibrahim hayakutoka kwa Wadruidi. Aliyeyaeneza ni William Stukeley, kasisi wa Kianglikana, katika kitabu chake cha mwaka 1740 kuhusu Stonehenge. Wadruidi wenyewe hawakuacha hata ukurasa mmoja. Mafunzo yao yalikuwa mashairi ya kuhifadhiwa kichwani, na wanafunzi wengine walikaa chuoni hadi miaka 20. Kuyaandika kulikatazwa.

Mengi tunayoyajua tumeyapata kwa Warumi. Julius Caesar, aliyepigana Gaul, yaani Ufaransa ya leo, katika miaka ya 50 kabla ya Masihi, anaeleza kuwa walikuwa makuhani na makadhi kwa pamoja. Walisimamia kafara, na waliamua kesi za mauaji, mirathi na mipaka. Asiyeridhika na hukumu yao alizuiwa kuhudhuria kafara, na watu wakamkwepa kama mwenye ugonjwa. Walifundisha kwamba roho haifi bali humtoka mtu na kuingia kwa mwingine. Anataja pia watu kuchomwa wakiwa hai ndani ya masanamu makubwa ya fito zilizosukwa. Hili la mwisho lipokee kwa tahadhari, maana msemaji ni adui aliyekuwa na haja ya kuhalalisha vita vyake. Lakini hata ukiliacha, hilo la roho kuhamahama linatosha: anayeliamini hana nafasi ya kuamini kufufuliwa na kuhesabiwa.

Huenda mumeo ameitegemea Aya ya 36 ya Surat An-Nahl, kwamba kila umma ulipelekewa Mtume. Ni kweli, na katika Surat Ghafir, Aya ya 78, tumeambiwa kuwa wako Mitume ambao hatukusimuliwa habari zao. Basi tunaamini kwa ujumla kwamba na watu wa visiwa vile walifikiwa na muonyaji. Kumtaja fulani au kundi fulani kuwa ndio hao, bila ya nassi, yaani andiko la Qur'ani au hadithi, hakufai.

Sasa Stonehenge. Handaki lake la mwanzo lilichimbwa takriban mwaka 3000 kabla ya Masihi, na mawe makubwa yakasimamishwa karibu mwaka 2500. Wadruidi wanaanza kutajwa katika maandishi zaidi ya miaka 2000 baadaye. Hawakuyajenga. Warumi wanaeleza ibada zao zikifanyika katika vichaka vya miti, na vichaka hivyo ndivyo jeshi la Suetonius Paulinus lilivyovifyeka katika kisiwa cha Anglesey, huko Wales, mnamo mwaka 60 au 61. Wadruidi walisimama ufukweni wameinua mikono wakiwaapiza askari, na askari wakaduwaa kabla ya kuvuka. Baada ya hapo, habari za Wadruidi wa Uingereza karibu zinakatika kabisa. Walibaki Ireland, mpaka Ukristo ukawashusha hadhi.

Wadruidi wanaovaa kanzu nyeupe leo ni jambo jipya. Mwaka 1781 kilianzishwa chama cha Wadruidi mjini London, cha urafiki na kusaidiana. Mwaka 1792 Iolo Morganwg, mshairi wa Wales, aliweka mduara wa mawe Primrose Hill, London, na kuongoza sherehe ambayo kwa sehemu kubwa aliitunga mwenyewe. Sherehe hiyo imeingia katika tamasha la ushairi la Wales hadi leo: mkuu wao huchomoa upanga nusu, anauliza mara tatu kama kuna amani, na umati unajibu kuwa ipo.

Hapa watu hukosea kwa njia mbili. Mmoja husema ni haramu kwa kuwa ni ya Wadruidi wa kale, kumbe ya kale hayapo pale. Mwingine husema ni mchezo wa juzi tu, basi hakuna neno. Huyu ndiye aliyekosea zaidi. Shirki haihitaji kuwa ya zamani ndipo iwe shirki. Wako wanaoifanya kuwa dini hasa, na mwaka 2010 mtandao mmoja wao ulisajiliwa Uingereza kama taasisi ya hisani ya kidini. Hukumu inafuata kinachofanywa.

Kipimo tunacho. Mtu mmoja aliweka nadhiri ya kuchinja ngamia mahali paitwapo Buwana. Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, akauliza: palikuwa na sanamu la zama za ujahiliya lililoabudiwa? Wakasema hapana. Palikuwa na sikukuu yao mojawapo? Wakasema hapana. Akamwambia atimize nadhiri yake. Ameipokea Abu Dawud. Aliuliza kuhusu mahali, kisha akauliza kuhusu sikukuu.

Kwa hiyo, kwenda Stonehenge siku ya kawaida, ukakata tiketi na kuyatazama mawe kama athari za waliopita, hakuna ubaya. Usiku wa kuamkia 21 Juni ni jambo jingine. Uwanja hufunguliwa jioni ya tarehe 20, watu huingia hadi katikati ya mawe, na wenye ibada hufanya yao: hushikana mikono kwenye duara, huita pande nne za dunia moja baada ya nyingine, huimba neno moja kwa kuvuta sauti mara tatu, kisha hulielekea jua. Jua hutoka kama dakika nane kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Nasi katika hadithi ya Amr bin Abasa kwa Muslim tumezuiwa hata kuswali sala ya sunna saa hiyo hiyo, kwa kuwa makafiri hulisujudia jua. Ikiwa sala ya Mungu imezuiwa kwa kuepuka kufanana tu, vipi kusimama katikati yao kwa hiari? Usiende. Waambie wenzako utafurahi kwenda nao Jumamosi nyingine.

Usidhani pia kwamba maradhi haya ni ya Wazungu peke yao. Pliny, mwandishi wa Kirumi, ameieleza ibada ya mti ya Wadruidi hatua kwa hatua: siku ya sita ya mwezi mwandamo, kuhani mwenye nguo nyeupe anapanda mwaloni, anakata kwa mundu wa dhahabu mmea ulioota juu yake, walio chini wanaudaka kwa joho jeupe, kisha wanachinjwa mafahali wawili weupe. Badilisha mwaloni uweke mbuyu, uongeze ubani na vitambaa vyekundu, uniambie uko wapi. Na Masahaba waliosilimu karibuni, walipopita penye mkunazi uitwao Dhatu Anwat ambao washirikina walitundika silaha zao wakitafuta baraka, waliomba wawekewe wa kwao. Mtume akawaambia wamesema kama Bani Israili walivyomwambia Musa: tufanyie mungu kama hawa walivyo na miungu.

Vivyo hivyo kalenda ya shaba ya watu wa Gaul iliyofukuliwa Coligny, Ufaransa, mwaka 1897: imeitia miezi mingine alama ya heri na mingine ya kinyume chake. Tunao wanaoiogopa Jumatano ya mwisho ya Mfungo Tano, ilhali hadithi sahihi imekanusha mikosi.

Ama tawi la Disemba, ni mmea ule ule wa Pliny, lakini desturi ya kubusiana chini yake inajulikana Uingereza tangu karne ya 18 tu, na hakuna kinachoiunganisha moja kwa moja na Wadruidi. Wakilitundika wao, huna dhambi kupita chini yake. Usilitundike wewe nyumbani kwako, kwani ni pambo la sikukuu isiyo yetu, na busu la asiye maharimu wako unajua hukumu yake. Pliny anasema waliuona ni dawa ya kila sumu. Kinyume chake, matunda yake meupe yakiliwa huweza kusababisha kutapika na kuharisha. Kwa kuwa unahudumia wazee, na huenda wamo wenye kusahau, mwombe msimamizi tawi lifungwe juu kabisa na sakafu ifagiliwe kila siku matunda yanapodondoka.

Wallahu aalam.