Maswali ya Wasomaji: Vifaa vya Kuzamia Vilivyotumika, Tununue Mtandaoni au Dukani?

SWALI: Ndugu Mhariri, nimemaliza kozi yangu ya kwanza ya kuzamia kwa mtungi wa hewa, na nimechoka kukodi vifaa ambavyo leo vinanibana na kesho vinanipwaya. Vipya siviwezi. Mtandaoni nimeona seti ya regulita, jaketi la kuelea na kompyuta ya kuvaa mkononi ya kuhesabu kina na muda, inayouzwa na mtu binafsi kwa chini ya nusu ya bei ya vitu vipya, na maelezo yake yanasema: "Imetumika mara kumi tu, imekaa kabatini miaka minane, iko kama mpya." Duka lililonifundisha nalo linauza regulita na majaketi liliyokuwa likikodisha hadi mwaka jana, lakini yana mikwaruzo na bei yake iko juu kidogo. Mwalimu wangu amenikanya nisithubutu kununua mtandaoni. Je, huo ni ushauri wa kweli au ni yale ya mwamba ngoma kuvutia kwake?
Mzamiaji Mpya

JIBU: Ndugu msomaji, mwenye duka ana sababu zake za kutaka fedha yako ibaki kwake, na hilo hatulikatai. Hata hivyo, maneno yaliyonishtua katika barua yako si ya mwalimu, ni ya muuzaji. "Imetumika mara kumi tu, imekaa kabatini miaka minane" yeye ameyaandika kama sifa, lakini fundi wa regulita atayasoma kama daktari anavyosoma maelezo ya mgonjwa.

Kazi ya regulita ni kuipunguza hewa ya mtungi, ambayo hubanwa kufikia mara 200 na zaidi ya mgandamizo wa hewa ya kawaida, hadi kiwango ambacho mapafu yako yanaweza kuivuta bila shida mahali ulipo chini ya maji. Ndani yake kuna oringi (pete za mpira za kuziba), viwambo na viti vya vali vilivyotengenezwa kwa mpira na plastiki ngumu, na vitu hivyo huzeeka kwa miaka hata kama hakuna aliyevigusa: hukauka, hushika umbo la pale vilipobanwa, kisha hupasuka. Regulita iliyoingia baharini mara 10, ikasuuzwa juu juu na kufungiwa kabatini huku tone la maji ya chumvi limebaki ndani yake, inaweza kuwa mbovu kuliko ile ya kukodisha iliyozamishwa mara 300 lakini ikafunguliwa, ikasafishwa na kubadilishiwa oringi kwa wakati. Watengenezaji wengi hutaka regulita ifanyiwe huduma kila mwaka au kila baada ya miaka 2, au ikifikisha idadi fulani ya mizamio, mara nyingi 100, lolote litakalotangulia. Ile ya kabatini imeruka huduma zake zote. Kwa hiyo, kati ya vitu viwili ulivyovitaja, hicho chenye mikwaruzo ndicho ningeanza kukiulizia.

Nayasema haya kwa uchungu kidogo, kwani nami niliwahi kununua regulita mtandaoni kwa kuzitazama picha tu. Ilipofika, kromu yake ilikuwa iking'aa hata ungeweza kunyolea ndevu. Nikafungua kifuniko cha vumbi na kuchungulia pale hewa ya mtungi inapoingilia, ambapo hukaa kichujio kidogo cha chuma, kipana kama ukucha wa kidole. Kilikuwa cha kijani, kama sarafu iliyoopolewa kisimani. Rangi hiyo huwaambia mafundi kwamba maji ya bahari yaliingia hatua ya kwanza, yaani sehemu ya regulita inayofungwa kwenye mtungi, pengine kwa sababu mtu aliisuuza regulita bila kuifunga kifuniko. Kichujio kikiwa na wekundu wa kutu, maana yake regulita ilifungwa kwenye mtungi wa chuma uliooza kwa ndani. Kikiwa cheusi, hewa ilitoka kwenye kompresa, mashine ya kujazia mitungi, isiyochujwa vizuri. Fundi aliifungua yangu na kunionyesha mahali kiti cha vali kinapokalia: chuma kilikuwa kimeliwa, kina vishimo kama vya mchanga baada ya manyunyu. Muuzaji hakunidanganya kwa neno lolote, ila hakupiga picha upande ule, nami sikumwomba. Huko ndiko kuuziwa mbuzi kwenye gunia, na hadi leo mbuzi huyo yuko mezani kwangu akizuia karatasi zisipeperuke.

Umri wa muundo wenyewe usikutishe. Kanuni ya regulita haijabadilika sana tangu Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walipoiunda Aqua-Lung nchini Ufaransa mwaka 1943, na regulita ya zamani iliyotunzwa hupumulisha vizuri kabisa. Tatizo la modeli za zamani ni vipuri. Kabla hujalipa chochote, mtumie fundi jina la modeli na umuulize mambo mawili: je, vipuri vyake bado vinapatikana, na huduma kamili utanitoza kiasi gani? Kisha jumlisha jibu lake na bei ya muuzaji, kwa sababu bei halisi ya regulita iliyotumika ni hiyo jumla. Nimeona watu wakishangilia punguzo kubwa halafu wakakuta kwamba huduma ya hatua ya kwanza, hatua ya pili (ile ya mdomoni) na ile ya akiba, pamoja na mipira mipya ya hewa, imewarudisha karibu na bei ya kifaa kipya chenye dhamana. Uliza pia kiungio chake ni cha aina gani. Kile cha kubana kwa skrubu ya mkono juu ya vali hakitakiwi kuzidi bari 232 (bari moja ni karibu sawa na mgandamizo wa hewa ya kawaida), na kile cha kusokota ndani ya vali, kinachoitwa DIN, kipo hadi cha bari 300. Usipolinganisha na mitungi unayoitumia, utaanza kutafuta adapta kabla hujalowa.

Ikiwa muuzaji anakubali mkutane, mengi unaweza kuyapima bila fundi. Funga kifuniko cha vumbi barabara, weka mdomo kwenye hatua ya pili na unyonye: usipate hewa hata kidogo. Ukipata, kiwambo au vali ya kutolea pumzi inavuja, na chini ya maji utakuwa unakunywa bahari kila unapovuta pumzi. Sogeza vikinga vya plastiki kwenye ncha za mipira ya hewa na uikunje mipira hiyo polepole karibu na chuma, maana nyufa hupenda kujificha hapo hapo palipofunikwa ili pasipasuke. Hayo yakipita, bado ipeleke kwa fundi. Vipimo vya mkono vinaweza kukuonyesha ubovu, lakini haviwezi kukuthibitishia uzima.

Jaketi la kuelea linahitaji usiku mmoja. Lijaze hewa hadi vali ya usalama ilie, liache hadi asubuhi, na likiwa limelegea ujue linavuja. Kisha tia maji baridi kidogo ndani, litikise na uyamimine kwenye beseni la rangi ya giza. Punje nyeupe zikitua chini ni chumvi, na mwenye jaketi hakuwa akilisuuza kwa ndani. Bonyeza kitufe cha kujazia hewa mara kadhaa, nacho kiruke juu papo hapo kila mara. Kitufe kinachonata si jambo la kuchekea, kwa sababu jaketi huendelea kujaa wakati wewe umeshaacha kubonyeza, na hewa hiyo hupanuka kadiri unavyopanda: iliyokuwa lita 1 kwenye kina cha mita 10 huwa lita 2 ukifika juu. Mzamiaji anayerushwa juu namna hiyo akiwa amebana pumzi anaweza kupasuka mapafu. Dukani huhitaji kusubiri mtu akubali mkutane, na zaidi ya hapo unalivaa jaketi lenyewe, unafunga mikanda na kuona kama linakupanda hadi masikioni. Kwa mtu aliyechoka kupwaywa na vifaa, hilo pekee linatosha kulipia tofauti ya bei.

Kompyuta ya miaka minane ningeiacha. Betri itakuwa imeisha, na aliyeibadilisha, kama yupo, huenda hakuipaka grisi oringi ya kifuniko. Modeli nyingine za zamani hazina mpangilio wa hewa iliyoongezwa oksijeni. Na kipima kina chake utakiamini tu ukiizamisha sambamba na kompyuta nyingine nzima na kulinganisha. Ukikuta iliyokuwa mkononi mwa mtu juzi, kumbuka kwamba kumbukumbu yake ina hesabu ya naitrojeni, gesi inayojikusanya mwilini ukizama, ya mwili wa huyo mtu, si yako, hivyo iache hadi hesabu hiyo ifutike.

Mtandao nao una mahali pake. Mapezi, vipande vya risasi vya uzito, mfuko wa wavu na tochi ya akiba nunua huko bila hofu, maana pezi likikatika utachoka na kurudi juu, lakini hutakosa hewa. Miwani ni swali la uso wako zaidi ya muuzaji. Suti ya neoprini (mpira wenye vitundu vya hewa) iliyotumika sana hubanwa na kubaki nyembamba, kwa hiyo omba kipimo cha unene wake wa sasa, si ule ulioandikwa kwenye lebo.

Kwa hiyo mwalimu wako amesema ukweli, ila ameusema mfupi mno. Duka halikuuzii usafi wa moyo. Linakuuzia mahali pa kurudi na malalamiko yako, pamoja na daftari la huduma. Liombe daftari hilo. Regulita zote za kukodisha huwa na nambari, na chini ya nambari hiyo panapaswa kuonekana tarehe za huduma na vipuri vilivyobadilishwa. Ukioneshwa, chukua regulita na jaketi la mikwaruzo. Wakianza kukung'atia maneno na kukuambia "zote huwa tunazihudumia", basi duka hilo limekuwa sawa na yule wa mtandaoni, isipokuwa lina mlango.

SWALI: Mimi nahitaji mtungi tu. Nimepata wa alumini, umepakwa rangi mpya, na mwenyewe yuko tayari kuutuma kama kifurushi kutoka nchi nyingine. Kuna ubaya gani?
Msomaji wa Siku Nyingi

JIBU: Kuna ubaya wa kutosha. Mtungi wa kawaida wa alumini, ule wa lita 11.1 unaojazwa hadi bari 207, una uzito wa takribani kilo 14 ukiwa mtupu, na hauruhusiwi kusafirishwa kwa ndege kama mzigo wa kawaida ukiwa umejazwa, hivyo nauli yake peke yake inaweza kumeza nafuu yote.

Linalonisumbua zaidi ni ile rangi mpya. Historia ya mtungi imegongwa kwenye bega lake: aina ya chuma, mgandamizo wa kazi, nambari na tarehe za vipimo. Rangi nzito huziba alama hizo pamoja na vishimo vya kutu, na kama ni ya kuokwa kwenye tanuri, joto kali linaweza kuwa limeidhoofisha alumini yenyewe. Katika nchi nyingi mtungi hupimwa kwa mgandamizo wa maji kila baada ya miaka 5 na kukaguliwa ndani kwa macho mara nyingi zaidi ya hapo, na kituo cha kujazia kisipoona tarehe, au kikiona alama za mamlaka isiyotambuliwa nchini mwako, hakitakujazia. Vilevile mitungi mingi ya miaka ya 1970 na 1980 ilitengenezwa kwa aloi (mchanganyiko wa metali) nambari 6351, ambayo ilibainika kuota nyufa shingoni kwenye nyuzi za kusokotea vali, na watengenezaji wakahamia aloi nambari 6061. Zipo 6351 zinazopita ukaguzi maalumu hadi leo, lakini mafundi wengi hukataa kuzijaza na siwalaumu, kwa kuwa wao ndio husimama kando ya mtungi unapojazwa. Mtungi nunua pale pale utakapokuwa ukiujazia.

SWALI: Muuzaji wa mtandaoni anataka nimtumie fedha zote kwanza, na nilipoomba nambari ya regulita alisema ni siri yake. Nifanyeje?
Mwenye Haraka

JIBU: Usitume. Nambari ya regulita si siri ya mtu, na muuzaji mwema huipiga picha bila kuombwa. Kwa nambari hiyo fundi atajua kama modeli iliwahi kuitwa irudishwe kiwandani kwa kasoro, na mwenye mali iliyoibwa ataweza kuitambua iliyo yake. Akikubali kukutumia picha, itazame kwa ukubwa. Ukiona pale palipogongwa tarakimu pamesagwa kwa msasa, funga mazungumzo na utafute regulita nyingine.