Choo cha paka: kipi cha kawaida, kipi cha kutia hofu

Maswali mengi niliyopokea safari hii yanahusu choo cha paka, na karibu kila aliyeandika ameanza kwa kuniomba radhi. Jamani, msione haya. Paka ni mnyama wa kuficha maumivu; anaweza kuumwa wiki nzima huku anajilamba manyoya kama hana neno. Anachokiacha kwenye mchanga ndicho kinachomsemea. Mimi nimetibu wanyama miaka mingi, na bado huuliza habari za choo kabla hata sijamgusa mgonjwa.

Naanza na swali ambalo halikuweza kusubiri.

Swali: Daktari, paka wangu dume wa miaka minne amefunga choo tangu jana usiku. Anaingia kwenye sanduku la mchanga, anachuchumaa, anajikamua, anatoka bila kitu. Sasa ameanza kulia. Nimpe kijiko cha mafuta ya kupikia?

Ndugu huyu nilimpigia simu siku hiyohiyo, na ninachoandika hapa ndicho nilichomwambia: usimpe kitu chochote, mbebe umpeleke kwa daktari wa mifugo sasa hivi.

Ukiona paka dume anajikamua na hakuna kinachotoka, fikiria kwanza mkojo uliozibwa, choo baadaye. Mrija wa mkojo wa dume ni mwembamba sana, hasa kuelekea nchani, na chembe ndogo kama za mchanga au ute mzito vinatosha kuuziba. Mkojo ukikosa pa kutokea, kibofu kinajaa, figo zinashindwa kazi, potasiamu inapanda kwenye damu na mapigo ya moyo yanavurugika. Paka anaweza kufa ndani ya siku moja au mbili. Nimeletewa madume waliokuwa "wamefunga choo" siku tatu, na nikabaki sina la kumfanyia mwenye paka ila kumpa pole.

Kutofautisha nyumbani, kagua mchanga. Paka aliyefunga choo kweli huwa bado anakojoa vizuri, kwa hiyo utakuta mabonge ya mchanga uliolowa. Mchanga ukiwa mkavu tangu jana, au una matone mawili matatu tu yenye rangi ya damu, na paka hatulii kujilamba sehemu za siri, usingoje kupambazuke. Usimminye tumbo kutafuta kibofu, kwa kuwa kilichojaa kinaweza kupasuka. Ukishindwa kutofautisha, hesabu kuwa ni mkojo.

Na hayo mafuta, akimiminiwa paka asiyeyataka, ni rahisi kumpalia na kuingia mapafuni. Sasa una wagonjwa wawili ndani ya paka mmoja.

Swali: Paka wangu anapata choo mara moja kwa siku, wa jirani mara mbili. Yupi yuko sawa?

Wote wawili. Paka mzima mwenye afya huenda mara moja au mbili kwa siku, na wapo wanaokaa siku moja na nusu bila tatizo lolote. Watoto wa paka huenda mara tatu hata nne. Aina ya chakula nayo ina mchango wake: chakula kinachosagika karibu chote tumboni huacha masalio machache, na chenye makapi mengi huongeza safari za kwenye mchanga.

Kwa hiyo usimpime paka wako kwa paka wa jirani. Mpime kwa yeye mwenyewe. Kama mwaka mzima amekuwa akienda kila asubuhi baada ya kula, halafu siku mbili mfululizo mchanga uko safi, hilo ni jambo, hata kama paka mwingine angekaa hivyo bila shida. Saa 48 bila choo, zungumza na daktari. Ikiwa anatapika, amekataa chakula au analegea, usifikishe hizo saa 48.

Ugumu uko kwa paka wanaojisaidia nje. Mwenyewe hajui chochote mpaka mambo yaharibike. Ukiwa na shaka, mfungie ndani siku mbili na sanduku lake la mchanga. Atalalamika mlangoni, lakini utapata jibu.

Swali: Choo kizuri cha paka kinafananaje hasa? Sijawahi kukiangalia kwa makini, nakizoa na kukitupa.

Kesho kabla hujakitupa, kitazame. Kinatakiwa kiwe na rangi ya kahawia iliyokolea, rangi inayotokana na nyongo baada ya kubadilishwa na vijidudu vya utumboni. Umbo ni kama kidole au magogo mawili matatu yaliyoungana, yenye mikunjo midogo. Ukikiinua kwa kijiko cha kuzolea hakimeguki wala hakiachi uji chini. Ukikibonyeza kwa ukingo wa kijiko kinabonyea kidogo, kama udongo wa mfinyanzi uliokandwa vizuri, na chembe za mchanga zimekishika upande wa nje. Hizo chembe zinazoshika ni dalili nzuri, maana yake kina unyevu wa kutosha. Nywele chache ndani yake ni za kawaida, kwa kuwa paka hujilamba mchana kutwa.

Kikitoka vigololi vikavu kama vya mbuzi, ambavyo mchanga haugandi juu yake, paka ana upungufu wa maji au choo kimekaa utumboni muda mrefu. Kikiwa laini lakini bado kina umbo, angalia kesho na keshokutwa. Kikiwa uji, hapo ni kuharisha.

Kuhusu rangi, tatu zisikupite. Nyeusi ti, yenye kunata kama lami, ni damu iliyokwisha kusagwa, imetoka tumboni au sehemu ya juu ya utumbo. Siku hiyohiyo kwa daktari. Nyekundu mbichi inatoka karibu na njia ya haja kubwa. Mstari mwembamba mara moja, baada ya choo kigumu, unaweza kuwa mchubuko tu, lakini ukirudi tena apimwe. Kijivu au nyeupe kama chokaa inaonyesha nyongo haifiki utumboni, na hapo tunalitazama ini na kongosho.

Harufu? Paka ni mla nyama, choo chake kinanuka. Kinachonishtua ni harufu iliyobadilika ghafla ikawa kali kupita ilivyokuwa, ilhali chakula ni kilekile.

Swali: Shikamoo daktari. Paka wangu ni bibi wa miaka 13. Siku hizi anapata choo kila baada ya siku tatu, tena kigumu, na mara nyingine anaacha sakafuni pembeni ya sanduku. Ni uzee tu?

Marahaba, mwanangu. Uzee wenyewe haufungi choo. Kuna kitu ndani ya huo uzee, na mara nyingi kinatibika.

Cha kwanza ninachokishuku ni figo. Paka wengi wazee figo zao huchoka, wanapoteza maji mengi kwenye mkojo, na mwili ukikaukiwa unayafidia kwa kuyanyonya kutoka kwenye utumbo mpana. Choo kinabaki jiwe. Kipimo cha damu na mkojo kitatuambia. Cha pili ni viungo. Paka mwenye maumivu ya nyonga au magoti anaona tabu kuvuka ukingo wa sanduku, na tabu zaidi kuchuchumaa, basi anaahirisha. Kila anapoahirisha, choo kinazidi kukauka.

Nina paka jike wa miaka 15, naye alianza hivyohivyo, choo pembeni ya sanduku. Siku moja nikakaa sakafuni kumwangalia. Alifika kwenye sanduku, akaweka mguu mmoja wa mbele juu ya ukingo, akausimamisha pale kwa muda kama mtu anayefikiria kupanda ngazi, kisha akaurudisha. Akajisaidia palepale nje. Niliumia, kwa kuwa wiki mbili nzima nilikuwa nimemwona mkorofi. Nikachukua kisu nikakata ukingo wa mbele wa sanduku mpaka ukabaki urefu wa vidole viwili hivi, na daktari mwenzangu akampangia dawa ya viungo. Tangu hapo hakukosea tena.

Kwa bibi huyu, fanya haya wakati unasubiri miadi: sanduku liwe na mlango wa chini, kubwa la kumtosha kugeuka, mahali tulivu, mbali na sahani ya chakula. Mpe chakula cha majimaji badala ya kikavu. Kile cha majimaji huwa na maji robo tatu na zaidi, kikavu takriban sehemu moja tu katika kumi. Paka ametokana na paka-mwitu wa maeneo makame, kiu yake ni ndogo, na wengi hawanywi vya kutosha kufidia chakula kikavu. Weka bakuli za maji mbili tatu sehemu mbalimbali.

Usichelewe, maana choo kikizoea kurundikana, utumbo mpana unatanuka kama mpira uliovutwa mno, misuli yake inakufa nguvu, na ukifika hapo baadhi yao huishia kufanyiwa upasuaji.

Tena nakuomba, usimwekee dawa ya binadamu ya kulainisha choo kwa njia ya haja kubwa. Zipo zenye chumvi za fosfeti, na kwa paka hizo ni sumu: fosfeti inajaa kwenye damu, kalsiamu inaporomoka, paka anatetemeka, anapata degedege, anakufa. Daktari anazo dawa salama, mara nyingi akianza na kumwongezea maji mwilini.

Swali: Juzi nilibadilisha chakula cha paka wangu, tangu jana anaharisha. Anakula na kucheza vizuri. Nimpe maziwa yatulize tumbo?

Maziwa hapana. Paka wengi wakishaachishwa kunyonya hupungukiwa na kimeng'enya cha kusaga sukari ya maziwa, kwa hiyo utamwongezea kuharisha.

Rudi kwenye chakula cha zamani. Choo kikitengemaa, anza upya kubadilisha kidogokidogo kwa siku saba hadi kumi, ukiongeza kipya na kupunguza cha zamani. Mzima anayekula na kucheza unaweza kumwangalia siku moja au mbili, maji yawepo muda wote. Usimshindishe njaa, paka asiyekula siku kadhaa, hasa mnene, mafuta hukimbilia kwenye ini na kulilemaza.

Angalia pia namna anavyoharisha. Akienda mara nyingi, kidogokidogo, kwa haraka, na kuna ute au damu mbichi, tatizo liko utumbo mpana. Akitoa kingi cha majimaji na anakonda, liko utumbo mwembamba, na hilo hulichukulia kwa uzito zaidi. Mtoto wa paka anayeharisha hana hizo siku mbili za kusubiri. Mwili wake mdogo unakaukiwa kwa saa chache, na asiyechanjwa anaweza kuwa na virusi vinavyoua. Apelekwe leo. Dawa za kuharisha za binadamu ziacheni kabatini. Baadhi yake zina kemikali za jamii ya aspirini ambazo ini la paka haliwezi kuziondoa vizuri.

Swali: Nimeona vitu vyeupe kama punje za mchele karibu na mkia wake, kimoja kilikuwa kinajongea.

Ni vipande vya tegu. Vikikauka hufanana na ufuta, utavikuta pale anapolala. Tegu huyu hupatikana kwa kumeza kiroboto wakati paka anajilamba, kwa hiyo dawa ya minyoo peke yake haimalizi kazi. Usipowaua viroboto, kwenye paka na kwenye matandiko yake, punje zitarudi. Dawa iwe na prazikwanteli, kwani si kila dawa ya minyoo inaua tegu. Minyoo mirefu kama tambi ni aina nyingine, ambayo watoto wa paka huipata hata kwenye maziwa ya mama yao, ndiyo maana tunaanza kuwapa dawa wakiwa na wiki tatu.

Swali: Nimeokota mtoto wa paka, macho ndiyo kwanza yanafunguka. Ananyonya chupa vizuri lakini hajapata choo hata mara moja.

Hawezi peke yake. Mama hulamba sehemu hizo ndipo mtoto atoe mkojo na choo. Chukua pamba, ichovye maji ya vuguvugu, msugue taratibu chini ya mkia kila baada ya kumnyonyesha mpaka atoe. Choo chake kitakuwa laini, cha manjano. Ndivyo kilivyo kwa anayenyonya. Akifika wiki tatu hivi ataanza kujiweza.

Swali: Nina ujauzito wa miezi minne. Nyumbani wananishinikiza nimtoe paka wangu kwa sababu ya ugonjwa unaotokana na choo chake. Nifanyeje?

Dada, hofu yao ina msingi, ila si lazima paka aondoke. Vimelea vya toksoplazma hutoka kwenye choo cha paka aliyeambukizwa, kwa kawaida wiki chache tu baada ya kuambukizwa mara ya kwanza. Vikitoka haviambukizi papo hapo. Vinahitaji kati ya siku moja na tano kukomaa. Kwa hiyo mchanga uzolewe kila siku, na azoe mtu mwingine. Kama hayupo, vaa glavu na unawe kwa sabuni. Paka asipewe nyama mbichi wala asiachiwe kuwinda. Nawe usile nyama ambayo haijaiva, osha mboga vizuri, na ukishika udongo wa bustani vaa glavu, kwa sababu njia hizo huambukiza wengi ambao hata paka hawana. Mweleze daktari wako wa kliniki kuwa unafuga paka. Kipo kipimo cha damu cha kuonyesha kama uliwahi kuambukizwa zamani. Na hao wanaokushinikiza, wape zamu ya kuzoa mchanga.