Zawadi za mikono kutoka Cusco na Puno: namna ya kukitambua kilichofumwa kweli na kumfikishia fedha aliyekifuma

Ndugu uliyeuliza, nimeelewa kwamba unakwenda Peru mwezi wa saba, utapita Cusco, Bonde Takatifu la Wainka na Puno, na ungependa kuwaletea mama yako, wakwe na wafanyakazi wenzako vitu vilivyotengenezwa kwa mikono na wenyeji, si bidhaa za kiwandani zilizotundikwa kila penye watalii. Niliishi Cusco wakati wa masomo yangu, na siku nyingi za mapumziko nilizitumia masokoni na katika vijiji vya wafumaji. Nitakujibu kwa kirefu, hasa kuhusu vitambaa, kwa sababu ndiko mgeni anakodanganywa zaidi, na ndiko pia ukweli unakoonekana kwa macho pale mtu anapojua pa kutazama.

Kwanza yatenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya: uzi ni wa nini, na kitu kimetengenezwa vipi. Mji wa Arequipa una viwanda vikubwa vya kusokota uzi wa alpaka, mnyama wa milima ya Andes anayefugwa kwa manyoya yake, na sweta linalotoka huko kwa mashine laweza kuwa la alpaka tupu, laini na la kudumu, lakini si kazi ya mkono. Kwa upande mwingine, bibi aliyeketi kando ya njia Cusco anaweza kuwa anafuma kofia mbele ya macho yako, kwa mikono yake mwenyewe, huku akitumia uzi wa akriliki, yaani wa plastiki, alioununua dukani kwa kuwa ni wa bei nafuu na rangi zake ni kali. Si vibaya kununua chochote kati ya hivyo viwili, ilimradi ujue unanunua nini na ulipe bei inayolingana nacho.

Sasa nije kwenye kitambaa chenyewe. Kitambaa cha jadi cha nyanda za juu za Cusco hufumwa kwa kitanda cha kiunoni: nyuzi za mtande, yaani za urefu, hufungwa ncha moja kwenye nguzo au mti, na ncha nyingine kwenye mkanda unaozunguka kiuno cha mfumaji, naye huzikaza au kuzilegeza kwa kuegemea nyuma au kusogea mbele. Mkononi anashika kipande cha mfupa wa lama, jamaa wa alpaka, kilichochongwa ncha, kinachoitwa ruki, ambacho kwacho huokota nyuzi za mchoro na kuugandamiza mshindio, yaani uzi unaokatiza mtande. Kwa vile ukubwa wa kitambaa umekwisha kuamuliwa tangu mtande ulipotandwa, hakuna mkasi unaokigusa. Kitambaa hutoka kikiwa na mapindo pande zote nne, yote yamejifunga katika kufumwa kwenyewe, bila uzi uliokatwa na bila mshono wa cherehani. Kwa hiyo kishike, kigeuze, uzitazame pembe zake. Mahali fulani, mara nyingi karibu na ncha moja, utaona ukanda mwembamba ambapo mchoro umelegea kidogo na nyuzi zimekaa tofauti na kwingine. Hapo nafasi ilikuwa imebana mno hata vijiti na mfupa havikuweza kupita, ikabidi mfumaji amalizie kwa sindano, mstari baada ya mstari. Asiyejua hukiona kipande hicho kuwa kina kasoro na kukirudisha mezani, ilhali mimi alama hiyo ndiyo ninayoitafuta kabla ya kuuliza bei.

Tazama pia upande wa nyuma. Katika kazi nyingi nzuri za Chinchero, Pitumarca na vijiji jirani, mchoro huonekana pande zote mbili, isipokuwa rangi hubadilishana: kilichokuwa chekundu juu ya cheupe huwa cheupe juu ya chekundu. Kitambaa cha mashine mara nyingi huwa na nyuzi zinazoning'inia nyuma bila mpango. Na ukitaka shali kubwa wanayojifunga wanawake, iitwayo lliclla, utakuta imeundwa kwa vipande viwili vilivyoshonwa katikati kwa mkono, kwa sababu kitanda cha kiunoni hakiwezi kupita upana ambao mikono ya mfumaji inaufikia. Kile kitambaa kipana cha mistari ya rangi kali, kinachouzwa kwa mita na kushonewa mabegi na vipochi, ni cha kiwandani na aghalabu ni akriliki. Hata hivyo, usihitimishe kwamba kila kitambaa kipana ni bandia. Wahispania walileta kitanda cha kukanyaga kwa miguu, na mafundi wa mtaa wa Santa Ana mjini Ayacucho au wa mji mwingine, San Pedro de Cajas, hukitumia hadi leo kufuma mazulia ya ukutani kwa ustadi mkubwa. Hiyo ni kazi ya mkono pia, ila ya asili nyingine.

Mahali pa kuanzia, kwa maoni yangu, ni Kituo cha Vitambaa vya Jadi cha Cusco, kinachojulikana kwa Kihispania kama Centro de Textiles Tradicionales del Cusco. Kilianzishwa mwaka 1996, na miongoni mwa waanzilishi ni Nilda Callañaupa Alvarez, mfumaji mzaliwa wa Chinchero, wakati ambapo michoro na mbinu nyingi zilikuwa zinabaki kwa wazee tu. Kinashirikiana na jumuiya kumi za wafumaji, na duka lake liko Avenida El Sol, pamoja na jumba dogo la makumbusho. Nenda huko kabla hujafika sokoni, hata kama hutanunua siku hiyo, ili macho na vidole vyako vipate kipimo. Vipande vina lebo inayomtaja mfumaji na jumuiya anayotoka. Bei haipunguzwi na ni ya juu: mkanda mwembamba unaweza kukugharimu makumi kadhaa ya soles, fedha ya Peru, na lliclla ni mamia, zile bora zikipita elfu moja. Kabla hujashtuka, kumbuka kwamba kuna kukata manyoya, kuosha, kusokota, kusokota tena kwa kuunganisha nyuzi mbili, kutia rangi, na ndipo kufuma, kazi inayochukua wiki nyingi na hata miezi, kwa sababu mwanamke huyo ana shamba, mifugo na watoto wa kuwahudumia pia.

Chinchero kwenyewe, juu ya mita 3,700 kutoka usawa wa bahari, utaalikwa katika nyua ambako kina mama huonyesha jinsi ya kutia rangi. Nakusihi ukae utazame hadi mwisho, kwa kuwa ni elimu ya kweli. Wanakwaruza mzizi uitwao saqta na kuupiga majini hadi utoe povu, kisha wanaoshea sufu ya kondoo iliyojaa uchafu ikatoka nyeupe. Baadaye mmoja huchukua wadudu wakavu wa kochinili, ambao huishi juu ya mipungate, akawasaga kiganjani kwa kidole hadi mkono ukawa mwekundu wa damu ya mzee, na akikamulia tone la ndimu rangi hiyo hugeuka kuelekea machungwa papo hapo. Rangi ya kijani hutoka kwenye majani ya ch'illca, na ya njano kwenye maua ya q'olle. Tatizo ni kwamba onyesho huwa la kweli, lakini bidhaa zote zilizotundikwa ukutani nyuma ya mwonyeshaji si lazima ziwe zimetoka katika vyungu vile. Nyingine huletwa kwa jumla kutoka kwa wachuuzi. Kwa hiyo, onyesho likiisha, usichague kilicho karibu na mkono. Omba uonyeshwe kilichofumwa na mama yule aliyekuwa akikueleza. Muulize mchoro unaitwaje na ulimchukua muda gani. Aliyefuma hujibu bila kusita, na mara nyingi huanza kukuonyesha kwa kidole mahali uzi ulipomkatikia au alipobadili rangi.

Kuhusu neno “baby alpaca” utakaloliona kila kona, fahamu kwamba ni daraja la ulaini, kwa kawaida nyuzi zisizozidi mikroni 23 hivi, wala halina maana kwamba manyoya yamekatwa kwa mtoto wa alpaka. Skafu inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana na kupewa jina hilo haiwezi kuwa hivyo. Ukiigusa, alpaka huwa na ubaridi kidogo na uzito unaoteremka, haing'ai kama nailoni na haikwami vidoleni. Muuzaji akiridhia, chomoa uzi mmoja wa kwenye shada uuchome mbali na nguo: manyoya ya mnyama hunuka nywele zilizoungua na huacha majivu yanayosagika, ilhali akriliki huyeyuka na kuganda kama kishanga kigumu. Jaribio hilo halitakutofautishia alpaka na kondoo, wala halitakuambia kama nyuzi zimechanganywa kwa kiasi gani. Litakuondolea plastiki tu, na plastiki ndiyo tatizo kubwa zaidi katika masoko hayo.

Ukifika Puno, usikose kwenda kisiwa cha Taquile katika Ziwa Titicaca. UNESCO iliitangaza sanaa ya ufumaji ya kisiwa hicho mwaka 2005, na mwaka 2008 ikaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu. Huko wanaume ndio wanaofuma kofia kwa sindano, hata wakitembea njiani, na wanawake hufuma mikanda mipana. Kofia hizo hufumwa kwa uzi mwembamba na kwa kubana sana, kiasi kwamba ukiishika unaona imesimama yenyewe. Kwenye uwanja wa kijiji kuna duka la ushirika ambako kazi za familia mbalimbali huuzwa kwa bei iliyopangwa na wenyewe, na wanakisiwa hupokezana zamu za kuhudumu. Sipendi kuona mgeni akibishana bei mahali pale, kwa sababu bei hiyo imepangwa kwa makubaliano ya jumuiya nzima.

Soko la Pisac, ambalo huchangamka zaidi Jumapili, ni jambo jingine. Ni zuri kutembelea na kuna mafundi wa kweli ndani yake, lakini sehemu kubwa ya bidhaa ni zilezile utakazoziona Cusco, Puno na hata La Paz. Wenzetu wa Kenya, waliokwisha kuona viondo vya mkonge vya kina mama wa Ukambani vikiuzwa ubavuni mwa vya kuigiza, wataelewa haraka ninachosema. Hapo kupatana bei ni kawaida, ila fanya kwa upole, na usipige picha kisha ukaondoka bila neno. Beba soles za noti ndogo, kwani vijijini kadi haina kazi.

Kuna mambo mawili ambayo nakuomba uyakatae hata kama muuzaji ni mpole. La kwanza ni kitu kinachosemwa kuwa cha kale. Vyungu na vitambaa vya kabla ya Wahispania haviruhusiwi kutolewa Peru, na hata nakala nzuri mno ni vema iwe na cheti cha Wizara ya Utamaduni, usije ukazuiwa uwanja wa ndege. Kwa upande wa Bolivia, kwa mfano, jumuiya ya Coroma iliporwa vitambaa vitakatifu vya mababu zake, ambavyo vilionekana San Francisco mwaka 1988, na baadhi vilirejeshwa kutoka Marekani mwaka 1992. Familia zile ziliamini kwamba roho za wahenga zimo ndani ya vifurushi vya vitambaa hivyo. La pili ni nguo ya bei rahisi inayosemwa kuwa ya manyoya ya vikunya, jamaa wa mwituni wa alpaka. Mnyama huyo alikaribia kumalizwa hadi hifadhi ya Pampa Galeras ilipoundwa mwaka 1967, na leo manyoya yake hukatwa kwa utaratibu wa jumuiya, akiwa hai, kisha huachiliwa. Skafu yake halali ina lebo maalumu yenye jina la nchi na bei yake huanzia mamia ya dola. Zaidi ya hayo, biashara ya vikunya inasimamiwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya wanyama na mimea ya porini iliyo hatarini, ambao Tanzania na Kenya ni wanachama, kwa hiyo swali linaweza kukusubiri nyumbani pia.

Nje ya vitambaa nitapita haraka. Mafahali wa udongo wa Pucará, wanaowekwa wawili wawili juu ya paa, ni zawadi nzuri ya nyumba mpya. Vibuyu vilivyochongwa vya Cochas, karibu na Huancayo, ni vyepesi kubeba. Chagua kile ambacho mistari yake ni myembamba na kisa kinazunguka kibuyu kizima. Masanduku ya Ayacucho yaitwayo retablo, yenye vinyago vidogo vya kinyunga cha viazi na jasi, yabebe mkononi, usiyaweke kwenye sanduku la mizigo. Joaquín López Antay, fundi wa masanduku hayo, alipewa Tuzo ya Taifa ya Utamaduni mwaka 1975, na baadhi ya wachoraji wa Lima walipinga vikali kwamba kazi ya fundi wa mkono iheshimiwe hivyo. Ukipitia Lima mwezi wa saba, ulizia maonyesho ya Ruraq Maki, yaliyoanza mwaka 2007 na ambayo sasa huandaliwa na Wizara ya Utamaduni, ambako mafundi kutoka mikoa mbalimbali huja kuuza wenyewe.

Kwa orodha yako, mimi ningemchukulia mama lliclla moja nzuri, wakwe mikanda ya Taquile, na wafanyakazi wenzako vile vikanda vyembamba vya Chinchero ambavyo wasichana hujifunzia. Vinatosha kufungia daftari au kuvaa mkononi. Lebo zenye majina usizing'oe unapofunga zawadi. Na mwambie mama asiifue kwa maji ya moto: maji baridi, sabuni laini, aianike kivulini, kisha aihifadhi na karafuu kidogo ili nondo wasiikaribie.