Usipige msasa bado: mapambo ya nje ya Datsun 240Z na rangi yake ya kiwandani

Ukitaka kujua kama Datsun 240Z, gari la michezo la Kijapani ambalo wapenzi wake huliita Z, imefufuliwa kwa heshima, usianze na mlango wala boneti. Zunguka nyuma, chuchumaa, utazame vile vipande viwili vya plastiki vinavyozunguka taa. Kiwandani vilipakwa kijivu kizito chenye mng'ao mdogo sana. Kwenye Z nyingi ninazokutana nazo Nairobi vimepigwa nyeusi inayong'aa kama kiatu cha askari wa gwaride, na klia, ile rangi ya juu isiyo na rangi inayotia mng'ao, juu yake. Rangi ya mwili inaweza kuwa safi ajabu, lakini jicho la mtu anayezijua Z linakwenda pale pale na kubaki pale pale.

Nimeishi na Z yangu miaka mingi, na kazi iliyonifundisha zaidi ni hii ya mapambo, kuliko injini na kuliko mabati. Gari hili lina historia kwetu. Lilizinduliwa Japani Oktoba 1969, na mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller wakashinda nalo Safari Rally. Shekhar Mehta, aliyemaliza wa pili mwaka huo akiwa na Z pia, alirudi 1973 na Lofty Drews akashinda. Gari lenye sifa hizo halistahili kumalizwa kwa kopo la nyeusi la dukani.

Jambo la kuweka kichwani kabla hujashika chombo chochote ni kwamba mapambo ya nje hayakupakwa rangi yakiwa kwenye gari. Kila kipande kilikamilishwa peke yake, kwa njia iliyofaa kile kilichotengenezewa, ndipo kikafungwa. Bampa za chuma zilipitia beseni la kromu. Ukanda unaozunguka kioo cha mbele na vifuniko vya mifereji ya maji juu ya milango ni chuma cha pua kilichosuguliwa, hakina rangi kabisa. Plastiki za taa za nyuma zilipigiwa rangi zikiwa mbali na gari. Ndiyo maana rangi ya kiwandani hukunja kona, huingia nyuma ya kipande, na haina ule mstari wa tepu ambao ukucha huushika ukiupitisha.

Hapo ndipo utakapobishana na fundi. Atakwambia, "Mkubwa, tusifungue, mipira itakatika. Tutabandika tepu tupige hapo hapo." Mjibu kwa upole lakini usilegee: "Fundi, fungua. Mipira nitanunua." Mpira hununuliwa na kubadilishwa. Rangi iliyopigwa juu ya tepu itaanza kubanduka ukingoni, maji yatapita chini yake, na kazi yote itarudiwa.

Kabla ya kupaka chochote, jua umeshika nini. Sumaku inasaidia, ila isikupotoshe. Ikinata, inaweza kuwa chuma kilichopakwa kromu, na inaweza pia kuwa chuma cha pua, kwa kuwa aina kadhaa za chuma cha pua zilizotumika kwenye mapambo ya magari huvutwa na sumaku. Tofauti utaiona kwenye kutu. Kromu ikichoka hutoa vidoa vya kahawia vinavyotoka chini, lakini chuma cha pua huwa na mikwaruzo na vibonyeo tu. Isiponata na kipande ni chepesi, hiyo ni alumini. Isiponata, kikawa kizito, na juu yake kuna vipele vidogo, una zinki ya kumimina iliyopakwa kromu, kama vitasa na nembo za magari mengi ya wakati ule. Vipele hivyo ni zinki yenyewe inayooza chini ya kromu. Ukivisugua unatoboa shimo, kwa hiyo kipande kama hicho mpe mtu wa kromu anayejua kuziba mashimo kwa shaba kwanza.

Kromu nayo wengi hawaielewi. Ule ung'avu tunaoupenda unatokana hasa na nikeli iliyo chini. Kromu ya juu kwa kawaida haifikii hata maikroni 1, yaani sehemu moja ya elfu ya milimita. Kwa hiyo anayesugua bampa la Z kwa msasa mkali ili "kuitoa kutu" anaondoa kile kilichobaki kulinda chuma. Kama vidoa ni vichache, tumia karatasi ya alumini ya jikoni iliyoloweshwa maji, sugua taratibu, kausha, paka nta. Kama vimeenea, peleka bampa likapakwe kromu upya. Lakini usipake rangi juu ya kromu nzima. Rangi haina pa kushika pale, na jiwe la kwanza la barabarani litakuonyesha.

Sasa rudi kwenye zile plastiki za nyuma, maana ndizo zinazohitaji uvumilivu. Usiziguse na thina. Thina hulainisha plastiki na kuacha uso wenye mawimbi ambayo hutayaficha tena. Zifungue, zigeuze, uzioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, kisha tafuta mahali jua halikufika: chini ya mpira wa taa, nyuma ya ukingo, chini ya kichwa cha nati. Kwenye zangu kulikuwa na ukanda mwembamba chini ya mpira, rangi yake nzito kuliko ile ya nje iliyopaushwa na miaka ya jua. Ukanda huo ndio unaopaswa kwenda nao kwa mchanganyaji rangi. Picha ya simu haitoshi, na uso wa nje uliopauka utakupa kijivu cheupe mno.

Mwambie mchanganyaji mambo mawili, rangi na mng'ao, kwa sababu wengi hukupa la kwanza wakasahau la pili. Rangi yenye nusu mng'ao hupata sura hiyo kutokana na unga laini wa kupunguza mng'ao, na unga huo hutulia chini ya kopo. Usipokoroga vizuri, na ukarudia kukoroga kila unapojaza bunduki ya kupulizia rangi, kipande cha kwanza kitang'aa na cha pili kitakuwa kama chaki. Halafu mkono wako unabadilisha mambo pia. Ukipiga koti nzito yenye maji mengi, mng'ao hupanda. Ukipiga kavu kutoka mbali, hushuka na uso hukwaruza kama msasa. Piga kwanza kwenye vipande vya plastiki chakavu, viache vikauke kabisa, kisha vitoe nje mchana uvitazame kwenye mwanga wa jua. Taa ya tyubu ya gereji hudanganya kwenye kijivu kuliko kwenye rangi nyingine yoyote niijuayo.

Anza na praima ya plastiki, koti moja nyembamba. Vipande vyote viwili vitundike pamoja, kwa mkao ule ule vitakaokaa kwenye gari, uvipige siku moja kutoka kopo moja. Klia usiweke. Vumbi likitua, huwezi kulisugua na kupolishi sehemu ile peke yake, kwa kuwa sehemu iliyopolishiwa itang'aa na utaiona milele. Msasa laini wa maji kipande kizima, kisha piga tena. Ni kazi ya kuchosha, lakini hakuna njia ya mkato ninayoiamini.

Wapo wanaopenda kuiga Z za kiwanda zilizokimbia Safari, nyekundu yenye boneti nyeusi. Nami nazipenda sana. Ila kumbuka boneti ile ilikuwa na kazi: kuzuia mwako wa jua usimpige dereva machoni. Nyeusi yake haing'ai. Boneti nyeusi yenye klia ni kinyume kabisa cha sababu ya kuwepo kwake, na ukiendesha saa tisa alasiri kuelekea magharibi utaelewa kwa macho yako. Kama gari lako ni la kawaida la barabarani, boneti ilitoka kiwandani kwa rangi ya mwili. Liache hivyo.

Neno kwa wenye Porsche 911, kwa kuwa nazo zimeongezeka tangu Safari ya magari ya zamani ianze 2003. Rimu zenu za Fuchs ni alumini iliyofuliwa kama mhunzi afuavyo chuma, kisha ikapitia anodaizi, yaani ngozi ngumu iliyooteshwa kutoka kwenye alumini yenyewe ndani ya beseni la asidi kwa nguvu ya umeme. Nyeusi mnayoiona kati ya zile petali, mikono ya rimu yenye umbo la majani ya ua, ni rangi iliyopakwa juu yake. Nimeona rimu za rafiki yangu zikichovywa kwenye kostiki soda ili nyeusi itoke upesi. Nyeusi ilitoka, na anodaizi ikaliwa pamoja nayo. Alumini tupu ikabaki, ikafubaa kwa hewa ya Mombasa kabla ya mvua za masika kwisha, na sasa hana budi kuzipolishi kila mara. Nyeusi itolewe kwa dawa ya kuondoa rangi isiyo na kostiki, kwa brashi laini, petali zikiwa zimefunikwa. Tahadhari hiyo hiyo iende kwa sabuni kali za kuoshea rimu: soma chupa, na ukiona ina kostiki, iache dukani.

Ukimaliza kupaka, usiharakishe kufunga. Rangi ya kiwandani mara nyingi iliokwa kwenye tanuri, lakini yetu ya gereji inakauka kwa hewa, na inaweza kuonekana kavu huku chini bado ni laini. Jaribu kwa ukucha mahali pa siri, nyuma ya kipande. Kama ukucha unaacha alama, ngoja. Ukifunga mpira juu ya rangi laini utanata, na siku utakapoufungua utaondoka na rangi yako. Panga vipande kwenye karatasi kwa mpangilio vitakavyorudi, nati kila moja pembeni ya tundu lake, na kile kipande cha zamani chenye ukanda wa rangi ya asili, hata kikiwa kimevunjika, kifunge kwa kitambaa ukihifadhi. Atakayekuja kuitengeneza Z hiyo baada yako atakihitaji kwa mchanganyaji rangi.