Kisumu Hadi Nairobi kwa Ndege: Niliyojifunza Siku Niliyoachwa

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Ahero aliniandikia hivi: "Kaka, Ijumaa nitapanda ndege kwa mara ya kwanza, kutoka Kisumu hadi Nairobi, kuonana na mteja. Kwa kuwa safari yenyewe haifiki hata saa moja, nikifika uwanjani nusu saa kabla, si inatosha? Na je, samaki wa kukaanga wanaruhusiwa?" Nilianza kucheka, kisha nikanyamaza, kwa sababu maswali hayo mawili niliwahi kuyajibu mwenyewe kimakosa, yote kwa asubuhi moja.

Mimi hutengeneza pochi na viatu kwa ngozi ya mbuta, yaani samaki aina ya sangara. Miaka minne iliyopita mnunuzi wa Nairobi alikubali kuiona kazi yangu saa tano asubuhi, nami nikakata tikiti ya ndege ya saa mbili. Jioni iliyotangulia nilipita Lwang'ni, kwenye vibanda vya samaki kando ya Ziwa Victoria, nikanunua ngege (sato) watatu wa kukaanga, zawadi ya mnunuzi, wakafungwa kwa gazeti na mfuko wa karatasi. Asubuhi nilikunywa chai bila haraka. Kutoka kwangu Nyalenda hadi uwanjani ni mwendo mfupi wa tuktuk, ukishapita mjini na kuifuata barabara ya Busia hadi Bandani, na sikuona sababu ya kuamka alfajiri kwa ajili ya kiwanja ambacho hupitwa na matatu za Maseno kila dakika.

Nilifika saa moja na dakika ishirini na tano. Kwenye ukaguzi wa mlangoni mashine iliona shazia langu la kushonea viatu ndani ya begi la mkononi, nami nikaanza kumweleza askari kwamba ni kifaa cha kazi, kana kwamba hilo lingekifanya kiwe butu. Nilipofika kaunta, karani aliweka sanduku langu kwenye mizani, na sote wawili tukatazama tone la mafuta likijikusanya kwenye pembe ya sanduku, likaning'inia kidogo, kisha likadondoka juu ya mkanda. Nikafungua. Mafuta ya ngege yalikuwa yameingia katika pochi sita kati ya kumi. Nilipoinua kichwa, usajili wa abiria ulikuwa umefungwa. Karani alikuwa sahihi, nami nimekiri hilo, ingawa mpaka leo nashindwa kusahau jinsi alivyosema "pole" huku akimtazama mtu aliyekuwa nyuma yangu. Ndege iliondoka bila mimi. Mnunuzi hakunipa siku nyingine.

Nje, kwenye kivuli, nilikaa karibu na mzee mmoja aliyekuwa akimngojea mjukuu wake. Aliponisikia nikilalamika kwamba kiwanja hiki kidogo kinajifanya kikubwa, aliniambia kwamba Kisumu iliwahi kupokea ndege zilizotua majini, zenye abiria wa kutoka Ulaya. Nilidhani ananituliza kwa hadithi. Baadaye nilitafuta na kusoma, nikaona aibu: mzee alisema kweli.

Shirika la Uingereza la Imperial Airways lilipoanzisha njia ya barua kutoka London hadi Mwanza mwaka 1931, Kisumu ilikuwa miongoni mwa vituo vyake. Mwaka 1932 njia hiyo ilirefushwa hadi Cape Town, na Kisumu ikawa mahali pa kubadilishia ndege: abiria waliotoka Khartoum kwa ndege za majini walitua hapa ziwani, kwenye ghuba ya Winam, kisha wakapanda ndege za nchi kavu kuelekea Nairobi na kusini. Mwaka 1937 zikaja ndege kubwa zaidi za majini, zilizotoka Southampton hadi Durban, ambazo baada ya Kisumu zilielekea pwani na kutua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Reli ilikuwa imeshafika tangu 1901, na meli zilizunguka ziwa, kwa hiyo mzigo ulioshushwa Kisumu haukukosa njia ya kuendelea. Huo ndio mji nilioudharau kwa kunywa chai polepole.

Uwanja wa leo ni matokeo ya upanuzi uliokamilika mwaka 2011, ambapo njia ya kurukia ndege ilirefushwa kutoka kilomita 2 hadi kilomita 3.3, jengo jipya la abiria likafunguliwa, na jina "wa kimataifa" likaongezwa. Safari nyingi bado ni za ndani ya nchi, na zaidi ni za Nairobi.

Sasa, dadangu wa Ahero, fika mapema. Nasema saa mbili kabla, wala usiniambie kwamba foleni ni fupi, kwa maana si foleni iliyonichelewesha mimi. Ni begi langu. Beba kitambulisho, nacho kiwe mfukoni, si chini ya nguo. Chochote chenye ncha kiingie katika mzigo unaokabidhiwa kaunta. Na ufike mapema, narudia, kwa sababu sisi tunaotaka kuuza nje ya Kisumu tunapenda kulaumu umbali wa Nairobi, ilhali wengi wetu tunachelewa tukiwa bado hapa nyumbani. Mtu anayepanda basi la usiku hufika stendi saa nzima kabla, akapatana bei na kuchagua kiti. Mtu huyohuyo akipata tikiti ya ndege hujiona ameshafika. Nimewaona, nami nilikuwa mmoja wao. Mwezi uliopita nilisafiri na pochi 40, nikakaa kwenye ukumbi wa kuondokea muda mrefu hadi nikasinzia, na zote 40 zikabaki Nairobi.

Kuhusu samaki, uliza shirika lako kabla ya Ijumaa, na wakikubali, wapoe kabisa kwanza, kisha uwatie katika chombo cha plastiki chenye kifuniko cha kubana, mbali na chochote unachotaka kumwonyesha mteja. Usiwafunge kwa gazeti. Ukiona ni kazi nyingi, mchukulie omena (dagaa) waliokauka: hawadondoshi mafuta, ingawa jirani yako kwenye kiti atajua umebeba nini.